Nyegere wa Miezi Kumi na Miwili

Kambini kila jozi ya nyegere ilijulikana kama Bwana na Bibi. Walikuja wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na asubuhi yake mzinga ulikutwa chini, gome limepasuliwa kama ganda la karanga, majana yameliwa yote na masega yametapakaa juu ya majani makavu. Bwana alikuwa mkubwa kidogo. Bibi ndiye aliyetangulia. Warina asali wa misitu ya kusini mwa Tabora, kuelekea Sikonge, walikuwa na maelezo tayari: nyegere ana wivu kuliko mnyama yeyote, hamruhusu mkewe atembee peke yake, na mwanamume atakayewakuta njiani na ashike suruali yake kwa mikono miwili.

Mtoto wa miaka kumi aliyepelekwa kambini kwa mara ya kwanza mwaka 1976 aliyaamini hayo yote. Angeyakataaje? Aliyemsimulia ni babu yake, mzee aliyeweza kuweka sikio kwenye shina la mti na kusema kama nyuki wa ndani wana asali au wana njaa. Mtoto huyo baadaye akawa mwalimu wa shule ya msingi, akafundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 2021 akastaafu kwa hiari na kurudi kwenye mizinga ya ukoo. Alirudi na daftari. Lilikuwa la kurasa 200, jalada lake limeliwa na mchwa pembeni, na ndani yake aliandika kila mara alipomwona nyegere au alipokuta alama zake, tangu akiwa na miaka kumi na mitano.

Alipolifungua na kulisoma kwa utulivu mara ya kwanza, aligundua jambo lililomchekesha. Karibu kila tarehe ilikuwa ya Juni au Desemba. Kwa miaka arobaini alidhani anamjua nyegere, kumbe alimjua nyegere wa likizo za shule.

Na warina wenzake hawakuwa tofauti. Msituni waliingia kwa mavuno makubwa ya mwanzo wa kiangazi, Mei hadi Julai, kisha kwa mavuno madogo ya mwisho wa mwaka. Walimkuta mnyama palepale walipomfuata, kwenye mzinga, mdomo umejaa. Mtu akikutana na jirani yake sokoni tu, ataapa kwamba jirani huyo anaishi sokoni.

Ukurasa wa kwanza wa daftari una tarehe ya Juni 1981. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Katika nyanda zile, zilizo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ya kipupwe huingia mpaka mifupani, na jua likishapanda kila kiumbe hulitafuta. Kijana alikuwa ameketi kwenye kichuguu akingoja Babu amalize kutengeneza mwenge, akamwona Bibi anatoka kwenye nyasi, hatua ishirini hivi mbele yake, Bwana nyuma.

Nyegere si mnyama wa kutisha kwa umbo. Begani hafiki hata sentimita 30, na dume mkubwa kabisa huwa na kilo 16. Kuanzia utosini hadi mkiani amefunikwa shuka la kijivu lenye weupe kingoni. Chini ni mweusi tii. Lakini anatembea kama mwenye hati ya kiwanja. Hakimbii, hanyati, hageuki kutazama nyuma. Bibi alifika chini ya mti, akanusa, akaanza kuchimba kwa makucha yake ya mbele, marefu kama vidole vya mtoto, na udongo ukaruka nyuma kwa kasi kama wa mtu anayefukuzwa na deni. Akatoa panya. Kisha akamwachia Bwana, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama tu, akilia kwa sauti ya kukoroma. Bwana akala. Bibi akaanza shimo jingine.

Kijana alimsimulia Babu jioni ile. Akauliza, "Babu, mbona Bwana hachimbi?"

Mzee alikuwa akichuja asali. Hakuinua uso. "Mjukuu wangu, wanaume wengine ndivyo walivyo. Kamuulize bibi yako."

Kambi nzima ilicheka, na swali likaishia hapo. Lakini daftarini liliandikwa: "Jike anachimba, dume anakula. Kwa nini?"

Jibu lilikuja kwa njia mbaya. Mwaka 1983 Babu alipoteza mizinga 11 kati ya 60 katika msimu mmoja. Ni vigumu kumweleza mtu wa mjini uzito wa hesabu hiyo. Asali na nta ndiyo ilikuwa ada, chumvi, sabuni na nauli ya treni. Na mzinga uliopasuliwa haupotezi asali ya mwaka ule tu, unapoteza pia kundi la nyuki, kwa sababu nyegere hafuati utamu peke yake. Anachotaka hasa ni majana, wale watoto wa nyuki waliomo kwenye masega, wenye mafuta na protini. Akishayala, nyuki waliosalia hawana cha kubaki nacho. Huhama.

Babu akatafuta mtego wa chuma, ule wenye meno, akautega chini ya mti mmoja mkubwa wa mtundu ambao mzinga wake ulikuwa bado mzima. Usiku wa tatu ulinasa. Asubuhi walimkuta Bibi amekufa, ardhi yote iliyomzunguka imefukuliwa kama iliyolimwa kwa jembe.

Sasa ikabaki kumngoja Bwana. Mume mwenye wivu wa namna ile, aliyeuliwa mkewe, angekuja na hasira gani? Usiku huo hakuna aliyelala. Moto uliwashwa kuzunguka kambi, mapanga yakawekwa karibu, na wanaume wazima walikaa wamebana magoti. Bwana alikuja kweli, ila hakuja kambini. Alikwenda kwenye mtundu, akazunguka pale pale, akilia ile sauti ya kukoroma, sasa nyembamba zaidi. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu alikuja, akafukua kidogo mahali mtego ulipokuwa, akaondoka. Hakurudi tena.

"Huyu hakuwa mume," Babu alisema kesho yake. Hakuongeza neno. Mtego ule aliubadilisha kwa tairi la baiskeli kwa mtu wa kijiji cha pili, na walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba tairi lake lilikuwa limekwisha.

Mwalimu alisubiri miaka mingi kabla ya kupata maneno ya kueleza alichokiona. Mwaka 1996 wanandoa watafiti, Colleen na Keith Begg, walianza kuwafuata nyegere katika jangwa la Kalahari, eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Kgalagadi, mpakani mwa Afrika Kusini na Botswana. Waliwazoesha wanyama hao kwa subira mpaka wakakubali gari liwafuate mchana na usiku, wakaandika walichokula, walipolala, waliyekutana naye. Moja ya mambo waliyoyabaini ni kwamba wale "mume na mke" ambao watu wengi, hata waandishi wa vitabu vya wanyama, walikuwa wamewaeleza kwa vizazi, kwa kawaida ni mama na mwanawe. Nyegere mzima hutembea peke yake. Dume na jike hukutana kwa siku chache za kupandana, kisha kila mmoja hushika njia yake, na dume hana mchango wowote katika malezi.

Mama huzaa mtoto mmoja, mara chache wawili, baada ya mimba ya siku 50 hadi 70. Mtoto huyo hukaa naye mwaka mzima na zaidi, miezi 12 hadi 16. Muda mrefu kabla ya kujitegemea anakuwa ameshafikia kimo cha mama, na akiwa wa kiume humpita. Mtu akiwaona wawili hao usiku, mkubwa nyuma na mdogo mbele, atasema nini zaidi ya mume na mke? Lakini yule mkubwa hajui bado kuchimba vizuri, hajui kupanda, hajui kumkabili nyoka. Ndiyo maana analia. Anaomba chakula.

Katika Kalahari, karibu nusu ya watoto hufa kabla ya kuachana na mama. Kwa hiyo mama anayelea mmoja kwa muda mrefu hivyo, na nusu wakapotea, hana namna ya kujaza pengo haraka. Mtego mmoja chini ya mtundu mmoja ulikuwa na hesabu kubwa kuliko ile ya mizinga 11. Mwalimu aliyasoma hayo akiwa na miaka arobaini na kitu, akarudi kwenye ukurasa wa mwaka 1983, na pembeni mwa neno "Bwana" akaandika kwa kalamu nyekundu, kama asahihishavyo insha: "mtoto".

Alipostaafu na kuamua kukaa msituni mwaka mzima, jamaa zake walidhani amechanganyikiwa. Mrina anayejiheshimu haingii pori Januari. Lakini yeye alikuwa na daftari lenye miezi miwili tu, na alitaka mingine kumi.

Agosti ya 2021 ndiyo aliyoanza nayo. Kipupwe kilikuwa kinaisha, moto wa msituni umekwisha pita chini ya miti na kuacha majivu, na katikati ya ukame huo miombo ikaanza kuchipua kama kawaida yake, wiki nyingi kabla ya mvua, majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba mpaka mgeni anaweza kudhani pori linaungua upya. Joto lilipanda. Na nyegere wakatoweka mchana. Wale aliowazoea wa saa tatu asubuhi hawakuonekana tena, ila alama za miguu zilikuwepo kila alfajiri kwenye majivu: vidole vitano, na mbele yake, mbali kidogo, vitobo vya makucha marefu. Wanyama walikuwa wamehamia usiku.

Hili nalo lilikuwa limeonekana Kalahari: msimu wa baridi nyegere hutembea zaidi mchana, msimu wa joto hutembea zaidi usiku. Kwa hiyo ubishi wa kale wa kambini, kati ya waliosema nyegere ni mnyama wa usiku na waliosema ni wa mchana, ulikuwa ubishi wa watu waliokuja miezi tofauti. Kila upande ulikuwa na mashahidi wake.

Joto huamsha nyoka pia. Kati ya Septemba na Novemba mwalimu alikuta mara kadhaa mabaki ya kifutu, kipande cha mkia na magamba, kando ya shimo jipya. Ujasiri wa nyegere mbele ya nyoka umevumishwa mno, na uvumi ukivuma sana huzaa uongo. Wapo wanaosema sumu haimgusi kabisa. Katika Kalahari wapiga filamu walimwona nyegere aliyegongwa na kifutu akizimia katikati ya mlo wake, uso umevimba, wakadhani amekufa. Saa chache baadaye akaamka, akapepesuka, akaendelea kula nyoka yule yule. Sumu ilimgusa sana. Haikumuua tu.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wakiongozwa na Danielle Drabeck, walitoa sehemu ya maelezo. Sumu ya nyoka wa jamii ya swila huua kwa kushika mahali fulani kwenye misuli ambapo ujumbe wa neva hupokelewa. Misuli ikikosa ujumbe, pumzi husimama. Kwa nyegere, mahali hapo pamebadilika umbo kidogo, sumu haipati pa kushika barabara. Kinga ya namna hiyo wanayo pia kalunguyeye, yule mdogo wa kujikunja kama mpira, nguchiro na, kwa kuwashangaza wengi, nguruwe, na kila mmoja aliipata kwa njia yake. Lakini hiyo ni sumu ya swila. Ya kifutu hufanya kazi kwa namna nyingine, inaozesha nyama na kuharibu damu, na habari ya jangwani inaonyesha kwamba huko nyegere hulipa kwa maumivu. Ngozi inamsaidia: shingoni ina unene wa milimita sita hivi, tena imelegea kiasi kwamba chui akimkamata mgongoni anaweza kujigeuza ndani ya ngozi yake mwenyewe na kumng'ata usoni. Chui na simba humuua hata hivyo, pale wanapoamua.

Mvua za kwanza zilidondoka Novemba, na kwa siku chache pori lote likawa karamu. Kumbikumbi walitoka vichuguuni kwa maelfu. Vyura wakaamka. Nyegere aliyekuwa akichimba mita moja ardhini kumtafuta panya mmoja, sasa alitembea akiokota. Mwalimu alihesabu mashimo kando ya njia iendayo mtoni: mwezi Oktoba yalikuwa mengi na marefu, Desemba yakawa machache, mafupi, kama mtu anayekwaruza sufuria kutafuta ukoko huku ameshashiba. Wale waliofuatwa Kalahari walikula zaidi ya aina 50 za viumbe, kuanzia mabuu na nge mpaka watoto wa mbweha na nyoka. Mizinga imo kwenye orodha ndefu namna hiyo, lakini haiko peke yake, na kwa miezi ya katikati ya masika hata mzinga mmoja wa mwalimu haukuguswa.

Jambo hilo lilimkalisha chini. Warina wote wanaamini nyegere huishi kwa asali. Hata jina lake la kisayansi, *Mellivora*, maana yake ni mla asali. Ila walioona ushahidi huo walikuwa msituni miezi ile ya asali. Januari, mashahidi wote wako mashambani wakipalilia mahindi na tumbaku.

Ilikuwa Februari 2022, mvua imetulia tangu usiku, alipoona kile ambacho miaka yote ya likizo haikumwonyesha. Jike alivuka njia mbele yake, kitu kimening'inia mdomoni. Alidhani ni panya wa porini, mkubwa. Kikalia. Kilikuwa kitoto, ngozi inakaribia kuwa wazi, macho hayajafunguka. Mama alikuwa anahama nacho. Hufanya hivyo kila baada ya siku chache katika miezi ya mwanzo, kutoka shimo hadi shimo, mashimo mengine akiyachimba mwenyewe na mengine akiyarithi kwa muhanga au mbweha. Hapo ndipo nyegere anapotofautiana sana na binamu yake wa Ulaya, yule mwenye uso wa milia myeusi na myeupe, anayekaa kwa ukoo katika mashimo yaleyale ambayo babu za babu zake waliyachimba, na ambaye baridi kali ikifika hujifungia ndani na kula mafuta yake. Nyegere hana nyumba ya ukoo. Hana msimu wa kulala wala msimu maalumu wa kuzaa. Ana njia tu, na njia hizo ni ndefu: katika Kalahari jike mmoja alizunguka eneo la kilomita za mraba 126 kwa wastani, dume 541, ambayo ni karibu theluthi moja ya kisiwa cha Unguja. Jangwa ni kame, na katika miombo yenye chakula tele huenda safari zikawa fupi zaidi. Lakini si fupi kiasi cha mrina kusema "nyegere wangu". Dume anayekwaruza mzinga huu leo, keshokutwa yuko wilaya nyingine.

Kuhusu mizinga, ukweli ni kwamba mwalimu hapendi kuibiwa zaidi ya Babu alivyopenda. Hakurudi na mtego. Alirudi na waya. Mizinga ambayo zamani ilibanwa kwenye panda za miti sasa inaning'inia kwenye waya kutoka tawi la juu, mbali na shina, na kwenye miti michache ambayo haina tawi la kufaa amezungushia bati shina, upana wa kama mita moja, ili makucha yateleze. Mbinu hizi si zake. Zimetumika kwingi Tanzania, na Afrika Kusini wafugaji nyuki waliokubali kuinua na kufunga mizinga yao badala ya kuua wamekuwa wakiuza asali yenye nembo ya kusema hivyo.

Nyegere hajakubali kushindwa kirahisi. Ni mnyama anayefikiri, na asiyeamini na atafute habari za Stoffel, nyegere wa kituo cha Moholoholo huko Afrika Kusini aliyeonyeshwa kwenye filamu ya BBC mwaka 2014: alifungwa kwenye boma la ukuta, akatumia reki, mawe, magogo, hata matope aliyoyafinyanga, akapanda na kutoka, na milango yenye makomeo aliifungua. Mwaka wa kwanza wa waya, nyegere mmoja wa Sikonge alipanda mti wa jirani, akatembea kwenye tawi mpaka likapinda, akaufikia mzinga kwa juu. Mwalimu alikata tawi lile. Mwaka wa pili alipoteza mizinga miwili kati ya 70, na mmoja kati ya hiyo waya wenyewe ulikuwa na kutu.

Kuna upande mwingine wa hesabu ambao kambini hauzungumzwi sana. Mzinga wa jadi wa Unyamwezi hutengenezwa kwa gome. Linachunwa masika, wakati mti una maji na gome linaachia vizuri, na mti uliochunwa mzunguko mzima hufa. Mizinga 60 ya Babu ilikuwa imegharimu miti mingi, na ile ile mitundu iliyokufa ndiyo ingewapa nyuki maua ya Septemba. Mwalimu haoni haya kulisema mbele ya wazee: nyegere aliharibu mizinga, sisi tuliua miti, na kati ya wawili hao mmoja tu ndiye aliyetegewa chuma. Wazee humsikiliza kwa adabu, kisha hubadilisha mazungumzo. Siku hizi yeye hutumia mizinga ya mbao, na anakubali kwamba asali yake haina ile harufu ya gome inayowafanya wanunuzi wengine kufumba macho wanapoionja.

Suala moja halijapata jibu daftarini. Babu alikuwa akimfuata ndege kiongozi wa asali, ambaye wengine humwita mlembe: ndege mdogo wa kijivu anayepiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa, akiruka mti hadi mti mpaka kwenye nyuki, ili binadamu apasue na yeye apate nta. Babu alimwitikia kwa mluzi. Kwamba mazungumzo hayo ni ya kweli, hapana shaka tena: mwaka 2016 Claire Spottiswoode, pamoja na wale wale Keith na Colleen Begg, walichapisha utafiti wao wa Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa Wayao wanaomwita ndege huyo kwa mtetemo wa ulimi na mguno. Mwito huo ulipotumika, uwezekano wa kuongozwa na hatimaye kuonyeshwa nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54.

Babu aliamini kwamba kabla ya binadamu ndege huyo alimwongoza nyegere, na kwamba bado humwongoza. Alisema aliwahi kuwaona pamoja, mara moja, ujanani. Mwalimu alimbishia akiwa na elimu yake ya ualimu kichwani. Nyegere hasikii ndege vizuri hivyo, alisema, na macho yake ni mabovu. Tena ndege ni wa mchana na nyegere ni wa usiku. Hoja hii ya mwisho sasa inamwaibisha, maana Juni ya 1981 aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba alimwona nyegere saa tatu asubuhi.

Mwaka 2023 kundi la watafiti likiongozwa na Jessica van der Wal lilitoa matokeo ya mahojiano na karibu warina 400 wa nchi tisa za Afrika. Wengi mno walikana kuwahi kumwona ndege huyo akiwa na nyegere. Isipokuwa Tanzania. Katika jamii tatu za huku waliosema wameona hawakuwa wachache, na kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi walifikia asilimia 61. Hao ni watu wanaotembea porini kimyakimya na upinde, miezi yote, bila likizo wala msimu wa kilimo.

Mwalimu alichora safu mpya kwenye daftari, akaiandika juu "ndege na nyegere pamoja". Safu hiyo iko tupu kuanzia juu mpaka chini, isipokuwa mahali pamoja, mwishoni mwa Juni 2023. Asubuhi ile alimsikia ndege akitikisa kiberiti chake upande wa mtoni, akaitikia kwa mluzi wa Babu, na ndege hakumjia. Alikuwa akimwita mtu mwingine, au kitu kingine. Alipofika, nyuki walikuwa wamechafuka, tundu la mti limepanuliwa upya, vipande vya nta viko chini na ndege anavidonoa. Udongoni palikuwa na vidole vitano na makucha marefu, maji yakiwa bado yanajaa ndani ya alama. Hakumwona mnyama. Aliandika tarehe, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza, kwa penseli.